Inazima Nikitoka Chumbani

Jumamosi, Julai. Nunguni. Ukungu mpaka mlangoni.

Ukungu wa leo si wa mchezo. Nimefungua dirisha asubuhi, nikauona mparachichi wetu umesimama pale nje kama mtu asiyejua kama aingie au arudi kwao. Watu wa Kathonzweni, kule chini kwenye joto, wakija sokoni kwetu mwezi huu hutuuliza ni nani aliyetuloga.

Lakini nina furaha. Naliandika hilo mapema, kabla sijaanza kulichunguza, maana najijua. Nikianza kuichunguza furaha huifungua skrubu moja moja mpaka inabaki vipande mezani.

Basi: nina furaha. Sasa nieleze.

Kampuni moja ya wasanifu majengo ya Nairobi ilinipa jaribio. Walinitumia ramani za nyumba ya ghorofa moja, wakataka niijenge ndani ya kompyuta, kisha niwatumie filamu fupi inayomtembeza mtazamaji kutoka getini hadi jikoni, jua la asubuhi likiingia madirishani. Nikifanikiwa kuitengeneza hapa hapa nyumbani, wangeniachia nifanye kazi nikiwa nyumbani. Mashine yangu ikishindwa, itabidi nihamie Nairobi nikatumie mashine zao. Mwisho wa kuituma ulikuwa leo saa sita mchana.

Sikutaka kuhamia Nairobi.

Nilikaa huko miaka yote ya chuo na mji haukunitenda ubaya. Nilisoma, nikala, nikacheka. Lakini huku ndiko ninakofikiri vizuri. Nikitazama mabonde yanavyofunikwa na ukungu asubuhi na kufunuliwa saa nne, mistari ya nyumba ninazochora hunyooka yenyewe kichwani. Wakati mwingine najiuliza kama hiyo ni sababu ya kweli au ni woga uliovaa nguo za Jumapili. Sijapata jibu. Huenda ni vyote viwili.

Halafu kuna mama. Baba ana duka la vyuma Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nikiondoka, mama atabaki na ng'ombe na redio. Hajawahi kuniambia nisiende. Angeniambia, ingekuwa rahisi, tungebishana yakaisha. Alichosema ni, "Mwaitu, enda mahali kazi iko," kisha akatoka nje kuchambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo yeye huniita mama yake, nami namwita vivyo hivyo. Mgeni akitusikia jikoni hawezi kujua nani alimzaa nani.

Kompyuta yangu ni ya mezani, boksi jeusi lililostaafu kutoka ofisi fulani ya ng'ambo likaja kuanza maisha mapya huku. Ni mzee mwaminifu, lakini kuchora nyumba hakukuwa kazi yake. Kila nilipoigeuza ile nyumba kwenye skrini niione upande wa nyuma, ilisogea kama punda aliyekataa mlima. Kilichopungua kilikuwa kadi ya michoro, kile kipande cha ndani kinachofanya kazi ya kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Iliyokuwamo ilikuwa ndogo, haina hata feni. Iliweza kuonyesha barua na hesabu za ofisi, basi.

Nikampigia Syombua. Tulisoma darasa moja chuoni. Sasa ana saiba yake, duka la intaneti, Mutomo, kule Kitui kusini, na ana kadi nzuri aliyokuwa akiitumia mwenyewe kabla ya kupata mpya. Tulielewana kwa dakika mbili: nimchoree bango la duka lake, naye anitumie kadi.

Ilikuja kwa basi ndani ya ndoo ya plastiki, imefungwa vizuri na kuzamishwa kwenye ndengu ili isigongwe njiani. Mama ndiye aliyeifungua ndoo.

"Aiya! Syombua ametutumia ndengu. Na hiki chuma ni cha nini?"

"Ndicho chenyewe, mwaitu. Ndengu ni za kukikinga."

"Si kimeshafika?"

Akaniachia chuma, akaenda na ndoo jikoni. Usiku ule tulikula ufungashaji, kwa chapati.

Kuibadilisha kadi kulinipa raha ambayo sijui kama naweza kuieleza bila kuonekana kituko. Nilichomoa waya wa stima, nikalilaza boksi juu ya meza, nikafungua ubavu wake. Vumbi lililotoka humo lingetosha kupanda viazi. Kadi mpya ilikuwa ndefu, ikagonga mahali diski inapokaa, nikaihamisha diski tundu la chini. Kisha nikaisukuma kadi taratibu kwenye nafasi yake mpaka kile kishikizo cha mwisho kikalia tik.

Nikawasha. Skrini nyeusi.

Moyo wangu nao mweusi, mpaka nilipochungulia nyuma nikaona waya wa skrini nimeurudisha kwenye tundu la zamani, kwa mazoea. Nikauhamishia kwenye kadi. Nuru. Feni mbili za Syombua zikaanza kunguruma, nami nikaigeuza nyumba ya Nairobi mbele, nyuma, juu, chini, kama mtoto na gurudumu.

Nilidhani nimemaliza.

Kuna jambo la kueleza hapa kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi hii. Filamu kama hii kompyuta huichora picha moja moja, mamia kwa mamia, na kila picha ina vivuli vyake na mwanga wake. Kazi hiyo huchukua saa nyingi sana. Unaianzisha, unaiacha, unakwenda kuishi maisha yako. Jumatatu niliianzisha nikaenda kukata nyasi za ng'ombe. Niliporudi, kompyuta ilikuwa imezima. Picha chache zilikuwa zimechorwa, kisha hakuna kitu.

Nikaiwasha. Ikawaka bila shida. Nikakaa mbele yake mpaka chakula cha mchana, ikachora bila kukwama. Nikaenda sokoni. Niliporudi, imezima.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Nikiwa nayo, inachapa kazi. Nikitoka, inazima.

Kwanza niliishuku stima. Lakini redio ya mama, iliyo kwenye soketi ya chumba cha pili, haikuwa imekatika hata mara moja, na mama angejua, maana asingekubali mahubiri ya saa nne yakatike. Nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Nikaweka upya programu inayoiendesha. Nikabadilisha waya. Nilikaa nikisoma vipimo vya joto kwenye skrini, vikawa vya kawaida kabisa. Nikampigia Syombua nikamuuliza kama huenda inachemka.

Alicheka mpaka nikaitoa simu sikioni.

"Wewe Mwende, hiyo kadi imekaa kwangu chini ya mabati ya Mutomo, mchana wa Februari, mbuzi wenyewe wamejificha kivulini. Haikuzima hata siku moja. Sasa ndiyo itachemka huko kwenu kwenye friji?"

Hoja ilikuwa nzima. Kadi iliyoivumilia Mutomo haiwezi kushindwa na Nunguni mwezi wa Julai. Nikalifuta neno joto kichwani na sikulirudia tena.

Nilianza kufikiri mawazo ya ajabu. Kwamba mashine inaniogopa. Kwamba kuna vitu hufanya kazi tu vikitazamwa, na pengine hata mimi ni kimojawapo. Mtu aliyesoma kama mimi, Jumanne jioni, alijikuta akiiambia kompyuta, "Nitarudi sasa hivi," kisha akasimama nje ya mlango akisikiliza.

Haikuzima. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Hilo la kwaya nimeliunganisha leo tu.

Jumatano akina mama wa ushirika walikutana kwetu. Nikaizima mwenyewe wasije wakasumbuliwa na kelele. Mama alikuwa ameshawaeleza shida yangu, kwa hiyo baada ya chai walikuja chumbani, wakaizunguka meza, Mama Kioko akanyoosha mkono juu ya boksi. Yeye huomba kwa ufasaha, lakini hapa alikwama kidogo kwenye jina. "Bwana," akasema, "iguse hii kitu, na ile kitu iko ndani ya hii kitu." Wote wakaitikia amina. Akaendelea kumkemea yeyote anayeipinga kazi ya binti huyu, popote alipo, hata kama ni karibu. Mama yangu ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa zaidi.

Walipoondoka niliianzisha tena nikaenda kukamua. Nikarudi. Imezima.

Usingizi ulikuwa mbaya. Alhamisi asubuhi niliandika barua pepe ya kuiambia ile kampuni kwamba mashine yangu haiwezi, na kwamba niko tayari kuja Nairobi. Niliiandika vizuri, kwa heshima, bila kulia. Sikuituma. Nilijiambia nitakata nyasi kwanza, nikirudi niitume. Kwa desturi tu, si kwa tumaini, niliianzisha filamu kwa mara ya mwisho, nikachukua panga, nikatoka.

Manyunyu yakaanza. Nilikuwa nimefika kwenye ua nikakumbuka sikuvaa gambuti. Nikarudi.

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na ndani mama alikuwa ameinama juu ya kompyuta.

Sasa, hapa lazima niseme kuhusu vitambaa. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha maana kinachokaa uchi. Viti vina vitambaa vya kufuma, meza ina kitambaa, redio ina chake chenye maua. Mama hufuma kama watu wengine wanavyopumua. Kompyuta yangu ilipata kitambaa cheupe wiki ile ile ilipofika, na kila asubuhi mimi hukivua, nakikunja, nakiweka kitini, naanza kazi. Siku zote hizo za mashaka nilikuwa nikirudi naikuta imezima na imefunikwa. Nikafikiri mama ameikuta imezima, ndipo akaifunika.

Mtu hufunika kitu kilicholala. Sikuwahi kufikiri kinyume chake.

Alhamisi nikaona kinyume chake. Kompyuta ilikuwa inanguruma. Kitambaa cheupe kilikuwa tayari juu yake, kimeteremka mpaka nyuma kwenye matundu ya hewa. Na juu ya kitambaa mama alikuwa akiizungushia shali ya manjano, ile shali nzito aliyonibebea mgongoni nilipokuwa mtoto. Aliichomeka pembeni, vizuri, hewa isipite. Kisha akaanza kulipigapiga boksi polepole kwa kiganja.

"Nyamaza," alikuwa akiiambia. "Nyamaza, anarudi sasa hivi."

Nilisimama pale na panga mkononi.

"Mwaitu," nikasema, "unafanya nini?"

Hakushtuka. "Naifunika. Inalia kwa baridi."

"Inalia?"

"Si unasikia? Ile ya kwanza ilikuwa kimya. Hii tangu ikuje inalia tu. Na si makosa yake. Imetoka Mutomo, kwa jua, ikaletwa huku Julai. Hata mbuzi wa Mutomo ukimleta huku atatetemeka."

Mimi na Syombua, wenye vyeti vyetu, tulikuwa tumetumia Mutomo hiyo hiyo kuthibitisha kwamba kadi haiwezi kuchemka. Mama naye aliitumia kuthibitisha kwamba inaganda. Na yeye alikuwa na ushahidi.

"Nikiifunika," akasema, "baada ya muda kidogo inanyamaza. Najua imepata joto, imelala. Hapo shali naichukua."

Imelala!

Niliweka panga chini. Nikavua shali, nikavua kitambaa, nikaushika ubavu wa boksi, ukaniunguza vidole. Hewa ya moto ilitoka nyuma kama kwenye mdomo wa jiko. Ndipo nilipomuuliza: kwa nini hukuniambia?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatoi taarifa akipumua.

"Kukuambia nini? Mtu huenda kutangazia watu amefunika mtoto?"

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani na matope yangu yote. Nikamweleza: zile ni feni, kelele ni upepo wake, mashine hii haiumwi na baridi, huuawa na joto, na ikizidiwa hujizima yenyewe isiungue. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atacheka nami.

Hakucheka. Aliiangalia shali iliyokuwa mapajani mwangu.

"Kwa hivyo hii wiki yote," akasema, "mimi ndiye nilikuwa nakufukuza nyumbani?"

Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amepiga hesabu: mashine ikifa, mimi naondoka. Kwamba wakati mimi nikisugua kadi kwa kifutio, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta akifanya kila alichokijua ili mashine iendelee kuwa hai, ili nami niendelee kuwa hapa. Alikuwa akiilea. Hakuweza kuniambia nisiende, basi akawa anaiambia kompyuta inyamaze.

Sina ujuzi wa dakika kama zile. Nikiwa na jambo kubwa moyoni, ulimi wangu hutafuta maneno ya kitabuni. Nashukuru sikuyapata. Nilisema tu, "Ulikuwa unaipa joto, mwaitu. Ilikuwa haijui kushukuru."

Akavuta pumzi. Kisha mdomo wake ukacheza upande mmoja, kama unavyocheza akitaka kumsengenya mtu mkubwa.

"Na yule Shetani Mama Kioko alikuwa anakemea," akasema, "kumbe ni mimi na shali yangu!"

Basi tukacheka wote wawili, mpaka ng'ombe akalalamika nje kuhusu nyasi zake.

Filamu ilichorwa Alhamisi ile yote, ikakesha peke yake, ikaendelea Ijumaa. Nilitoka, nikarudi. Nilitoka tena, kwa makusudi, nikaenda mpaka sokoni na kununua kitu ambacho hatukukihitaji. Nikarudi. Inanguruma. Nilimkuta mama amekaa kwenye kiti mlangoni kwangu akifuma, mgongo kwa kompyuta, kama askari wa benki. Aliniambia analinda mtu asije akaifunika.

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema. "Hii mikono siiamini bado."

Leo asubuhi niliitazama filamu yote kabla ya kuituma. Geti linafunguka, unapanda ngazi tatu, unaingia. Jua liko pale nilipoliweka. Jikoni, juu ya meza, ramani zao hazikuonyesha kitu chochote, lakini mimi niliweka kitambaa. Kidogo, cheupe, cha kufuma, kila uzi umechorwa. Kadi ya zamani isingeweza kuchora hata ukingo wake. Nikaituma ukungu ukiwa bado dirishani, na ile barua pepe nyingine, ya heshima, nikaifuta.

Jibu limekuja tukiwa tunakula. Fupi. Wamesema filamu imewaridhisha, na kwamba wiki ijayo watanitumia nyumba ya pili. Nifanyie huko huko niliko. Chini yake mtu ameongeza kwamba wamependa kile kitambaa cha mezani.

Nimemsomea mama. Ametaka nirudie pale pa kitambaa. Nimerudia. Amesema Jumatano atawaeleza akina mama kwamba maombi yamejibiwa, lakini sehemu ya kumkemea yule aliye karibu atawaomba waiondoe. Nimempigia Syombua pia, nikamwambia kadi yake haikushindwa na Nunguni, ilishindwa na mama yangu. Amesema mama yangu ni mkali kuliko Februari.

Najiuliza ni mara ngapi nimefanya hivi maishani, kufungua boksi mpaka mwisho nikitafuta tatizo, huku nimeshika kitambaa mkononi. Mimi hupenda kilichofichika. Kilicho juu nakikunja na kukiweka kitini. Kuanzia sasa, kabla sijachukua bisibisi, nitauliza kwanza nani amepita hapa, na alikuwa akijaribu kufanya nini.

Sasa ni saa kumi, ukungu umerudi. Nimewasha kompyuta ifanye jaribio dogo la nyumba niliyoibuni mwenyewe, na feni zimeanza wimbo wao. Mama amesimama mlangoni na shali ya manjano mikononi. Nimemwona akiitazama mashine, mikono ikimwasha. Ameingia. Amepita kando yake bila kuigusa. Shali ameiweka mabegani mwangu, akaichomeka pembeni, vizuri, hewa isipite.

"Inalia tena," amesema.

"Inafanya kazi, mwaitu."

"Basi ilie."